Nilitoa ofa ya 90, muuzaji amerudi na 97 na masharti mapya. Nijibu vipi?

Mpangaji_Mchovu
Wakuu, nisitaje fedha. Chukulieni bei ya tangazo la nyumba ni 100. Nilipeleka ofa ya maandishi: 90, makabidhiano baada ya siku 60, masharti mawili (mkopo upite, fundi aikague nyumba). Benki inatoa 80%. Muuzaji amerudisha karatasi: 97, siku 30, sharti la ukaguzi kalifuta, na viyoyozi anaondoka navyo. Nina siku 2 za kujibu, na dalali anadai kuna mteja mwingine. Ningependa kuishia 95, ingawa 97 nikijibana naifikia. Nikimpelekea 95 akakataa, naweza kurudi nikaikubali 97 yake?

Kifungu_cha_Tatu
Hapana. Ukijibu 95 umeikataa 97, na ikishakataliwa huwezi kuifufua peke yako. Lazima yeye akubali upya. Nchi zinazofuata sheria yenye asili ya Kiingereza zinaitegemea kesi ya Hyde v Wrench ya 1840: shamba lilitajiwa pauni 1,000, mnunuzi akajibu 950, akakataliwa, kisha akasema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikaona hakuna mkataba. Kwa kanuni hiyohiyo, 90 yako nayo ilikufa aliporudisha 97.

Kuuliza ni jambo jingine. "Je, tarehe ya makabidhiano inaweza kusogea?" ni swali, haliui ofa, mradi usiliandike kama sharti la kukubali kwako. Kwa hiyo uliza kwanza, ndipo ujibu.

Halafu hizo siku 2 usizione kama kinga. Katika Dickinson v Dodds (1876) muuzaji aliahidi kuiacha ofa wazi hadi Ijumaa saa 3 asubuhi, Alhamisi akampa mtu mwingine. Mnunuzi wa kwanza alipata habari kabla hajakubali, na akashindwa kesi. Kwa kawaida ahadi ya kusubiri humfunga muuzaji pale tu ulipoilipia. Nchi yako ikiwa na mfumo mwingine wa sheria, wakili athibitishe haya kabla hujasaini.

Hesabu_Kwanza
Kwenye bei: yeye kashuka 3, nawe panda 3, uwe 93. Watu wakichoka huishia katikati, na katikati ya 93 na 97 ni 95 unayoitaka. Ukianza na 95 moja kwa moja, katikati inahamia 96. Hatua inayofuata iwe ndogo kuliko ya kwanza, mfano 94.25, halafu 94.75. Hatua zikipungua, mwenzako anaelewa mfuko unakaribia mwisho bila wewe kumwambia.

Ila mimi ningehofia uthamini kuliko bei. Benki nyingi hukopesha kwa kiasi kilicho kidogo kati ya bei mliyokubaliana na thamani aliyoiona mthamini. Tuseme mmefunga 97 na mthamini akasema 92. Benki itatoa 73.6, nawe utatoa 23.4 badala ya 19.4 uliyopanga. Hapo ndipo watu hupoteza arbuni, maana sharti la mkopo lilisema tu "mkopo upite", na mkopo umepita, isipokuwa hautoshi. Andika kiasi: "mkopo usiopungua kiasi fulani, ndani ya siku kadhaa, la sivyo mkataba unavunjika na arbuni inarudi yote."

Na kama shida yako ni fedha ya mkononi, usipoteze nguvu zote kwenye bei. Muuzaji akishusha 1, kwako mkononi inabaki 0.2 tu, nyingine 0.8 inapunguza deni la benki. Akikubali kubeba gharama za kuhamisha umiliki zenye thamani ya 1, unabaki na 1 nzima. Uliza benki yako kwanza, nyingi zina kikomo kwa hilo.

Mpangaji_Mchovu
Nimeelewa. Na ukaguzi niuache ili nimfurahishe?

Kifungu_cha_Tatu
Usiuache, ufupishe. Anachoogopa muuzaji ni mnunuzi anayerudi na orodha ya bawaba na vitasa kudai punguzo. Mpe hivi: ukaguzi ndani ya siku 7, hutadai matengenezo yoyote yaliyo chini ya 1 kwa jumla, na yakizidi una haki ya kujitoa ukarudishiwa arbuni. Paa, msingi, mabomba na umeme vinaingia humo; rangi haiingii.

Siku 30 usizisaini kabla afisa mikopo hajakuthibitishia kwa maandishi. Ukichelewa kulipa, kosa ni lako hata kama faili limekwama benki. Omba 45 na umpe kitu anachokijali, mathalani arbuni kubwa kidogo, ishikwe na wakili badala ya muuzaji mwenyewe.

Viyoyozi viorodheshwe kimoja kimoja, na chumba kilipo. "Vilivyofungwa vyote" huzaa ugomvi siku ya funguo.

Hesabu_Kwanza
Kuhusu mteja mwingine: muulize dalali kama ofa yake ni ya maandishi na inaisha lini. Akijibu kwa kuzungukazunguka, endelea na hesabu zako. Kwamba 97 unaifikia, usilitaje mbele yake hata kwa utani. Kama analipwa na muuzaji, itafika.

Jibu lako liwe karatasi moja yenye vipengele vyote upya, kuanzia bei hadi saa ya kuisha, mkisaini wote. Ukiandika "mengine kama awali" hamtajua ni awali ya nani. Na usipeleke ofa kwenye nyumba ya pili kabla hujaiondoa hii kwa maandishi, wasije wakakubali wote wawili siku moja.