Nyinyi mnaoandika programu za kaunta: Enter ziko MBILI!

Waungwana, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi.

Kuna ofisi ya tiketi za boti hapa Lamu, karibu na gati. Wanauza tiketi za kuvuka kwenda Mokowe, na abiria wengi wana haraka kwa sababu basi la Mombasa halimngojei mtu. Programu yao iliandikwa kwa lugha ya Python na PyQt (njia ya kutumia Qt, zana za kutengenezea madirisha na vibonye vya programu, ndani ya Python) na fundi mmoja aliyelipwa zake akapotea, simu haishiki. Karani ni mamangu mdogo, basi mzigo ukaniangukia mimi.

Jumatatu alfajiri akanipigia: "Njoo utazame mashetani ya kompyuta yenu." Kompyuta si yangu, lakini nilikwenda. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi walipofungwa punda. Aliandika jina la abiria, akaandika idadi ya viti, akabonyeza Enter. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Mwanangu, boti yaondoka hiyo." Nikanyoosha mkono nikabonyeza mimi, tiketi ikatoka. Mama mdogo alinitazama kama nimemfanyia kiinimacho.

Yeye alibonyeza Enter ya kulia kabisa, kwenye safu ya nambari, maana ndiko mkono wake uliko akishaandika idadi ya viti. Mimi nilibonyeza ile kubwa. Na kwa Qt hizo ni kitu mbali mbali: kubwa ni Key_Return, ya safu ya nambari ni Key_Enter. Nikafungua msimbo wa programu, nikakuta fundi amekagua Key_Return peke yake. Bila shaka alijaribia kwenye laptopu yake isiyo na safu ya nambari, akaona mambo sawa, akachukua chake.

Nikamwambia mama mdogo atumie kubwa kwa muda. Hapo nilikosa mimi. Yeye hubonyeza huku anahesabu chenji, kidole kimelala pale pale. Printa ikatema tiketi 9, zote za mtu mmoja! Kibodi ukiishikilia hurudia yenyewe, na kila marudio Qt huyaleta kama tukio jipya la kubonyeza. Lakini Qt haifichi: unauliza isAutoRepeat(), ikijibu ndiyo, unaachana nalo. Mstari mmoja tu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba fundi alilijua tatizo. Nilikuta mabaki ya jaribio lake la kuhamishia kazi kwenye keyReleaseEvent, yaani pale kibonye kinapoachiwa. Haisaidii, maana marudio huja na matukio ya kuachia pia.

La tatu ndilo lilinikosesha usingizi. F2 ilikusudiwa kufungua abiria mpya. Mama mdogo akigusa jedwali la abiria kwa mausi, kisha F2, badala ya fomu mpya inafunguka selo ya abiria aliyekwisha lipa, tayari kuhaririwa. Wangapi wamebadilishwa majina hivyo, Mungu ndiye ajuaye. Sababu ni kwamba fundi aliandika keyPressEvent (sehemu inayopokea vibonye vikibonyezwa) kwenye dirisha kuu, lakini kibonye hupelekwa kwanza kwa kile kilichoshika fokasi, yaani kilichoguswa mwisho. Jedwali la Qt lina matumizi yake ya F2, ni kuhariri selo, kwa hiyo linaimeza na dirisha halipati habari.

Nimeng'oa zote. Nimeweka QShortcut (njia ya mkato ya kibonye) kwenye dirisha, ya Key_Return, ya Key_Enter na ya F2, kila moja na setAutoRepeat(False) ili isirudie ikishikiliwa. Jedwali nimelizuia kuhariri kwa NoEditTriggers. Kazi ya saa moja, na chai juu.

Jamani, kabla hujachukua pesa ya mtu, kaa kaunta nusu saa utazame mkono wa karani. Mkono, si skrini.

HARIRI: Kwa anayenishauri nisikilize kibodi nzima ya kompyuta kwa pynput, maktaba ya Python ya kusikiliza kibodi: ndugu yangu, hiyo hunasa kila kibonye hata dirisha letu likiwa nyuma. Mama mdogo akiandika barua pepe kwa mwanawe, kila Enter tumtolee tiketi ya Mokowe?

Na wewe fundi uliyeandika "usiguse, inafanya kazi" kwenye msimbo, juu ya mstari wa keyPressEvent, kama umo humu: nimegusa.