Presha ya mashine yangu ya espreso imegoma kufika baa 9, naombeni ushauri

MkeshaUsiku (mwanzisha uzi)
Habari wakuu. Nina mashine ya espreso ya nyumbani, ya zile pampu ndogo za kutetema. Kila ninaposoma naambiwa presha ya kutolea kahawa ni baa 9. Geji yangu haivuki 4. Gramu 18 za unga zinanitolea gramu 60 kwa sekunde 10, majimaji, tena machachu. Nimeshindilia mpaka kiwiko kinauma. Nifanyeje? Matusi hapana, tafadhali.

BuniChungu
Baa 9 kwa usiku mmoja mkuu? Mimi ya tatu tu narudishwa nimebebwa.

FundiBomba
Pampu haitengenezi presha peke yake. Inasukuma maji, kahawa inayazuia. Kizuizi kikiwa legelege geji haipandi hata ushindilie kwa nyundo. Pampu hizo zinaweza kwenda hadi baa 15, ndiyo maana kuna vali yenye springi inayorudisha maji ya ziada kwenye tangi. Maswali mawili: unasaga mwenyewe? Na kikapu, yaani kile kichujio unachoshindilia unga, ni cha ukuta mmoja au kuta mbili?

MkeshaUsiku
Kahawa haina tatizo mkuu. Tubaki kwenye presha.

MamaKikombe
Mwanangu, mimi nilihangaika hivyo miezi miwili. Nikalaumu pampu, nikalaumu maji, nikamlaumu hadi baba watoto kwamba anaigusa mashine nikilala. Mwisho nikaiuza kwa hasira. Aliyenunua alikuja na kinu chake, akasaga laini zaidi mbele yangu, kikombe cha kwanza kikatoka kizito kama asali. Niliomba kurudishiwa, akacheka. Basi.

MzeeWaBirika
Vijana mnateswa na namba. Luigi Bezzera alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1901, kilichosukuma maji kilikuwa mvuke, presha haikufika hata baa 2, na watu walikunywa wakashukuru. Presha kubwa na lile povu la krema vilikuja na mashine za wenzo za Achille Gaggia baada ya vita. Faema E61 ya mwaka 1961 ndiyo iliyozoesha watu pampu ya umeme na hiyo 9 mnayoiabudu. Kunyweni, mlale.

MkeshaUsiku
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini yangu hainyweki. Fundi, kikapu ni kile kilichokuja na mashine, kuta mbili, chini kitundu kimoja kama cha sindano. Unga nanunua umeshasagwa.

JichoKali
Uzi wa kahawa, kumbe chai. Kikapu cha kuta mbili kinajitengenezea presha kwa hicho kitundu, hata ukitia unga wa chenga. Kingekuwa kinasoma 4 na kumwaga gramu 60 kwa sekunde 10? Huyu hana mashine, anatafuta wachangiaji.

BuniChungu
Picha ya geji au tufunge uzi.

MkeshaUsiku
Mashine ninayo. Sawa, niseme. Mwanzoni ilisoma 13. Nikaona ni kubwa mno, nikafungua, nikakata springi ya vali mizunguko miwili. Kitundu nacho nilikipanua kidogo kwa pini. Sikutaja kwa sababu hayo hayahusiani, wapo wengi wanaokata. Nahisi pampu imechoka wiki hiyohiyo.

MamaKikombe
Kidogo!

FundiBomba
Pampu imechoka siku uliyokata springi, sivyo? Hiyo 13 ilikuwa presha ya kitundu, si ya kahawa. Ilikuwa haikuhusu hata kidogo. Ukatibu ugonjwa usiokuwepo, ukazaa miwili.

Weka kipande cha mpira kizibe kikapu chote, washa pampu sekunde chache, tazama geji na mrija wa kurudishia maji. Geji ikipanda vizuri, vali ni nzima, shida ni usagaji na kikapu. Ikibaki 4 huku mrija unamwaga, ni springi yako.

MkeshaUsiku
Nimepima. 4. Tangi linajaa kama bomba limefunguliwa. Lakini nimeshapanga: naweka washa, kile kipete bapa cha chuma, nyuma ya springi iminywe zaidi. Kununua mpya ni kukubali kushindwa.

FundiBomba
Springi iliyokatwa ni fupi na ngumu zaidi. Ukiiminya kidogo tu presha inaruka, kuituliza kwenye 9 ni kazi. Nunua mpya, na kikapu cha ukuta mmoja, na usage mwenyewe. Gramu 18 zikupe 36 hivi kwa sekunde 25 hadi 30; hapo hata geji ikisoma 8 hutalalamika. Na kabla ya kufungua, chomoa waya, acha boila ipoe kabisa. Mvuke hauna huruma na vidole.

JichoKali
Bado naona chai. Nani anapanua kitundu kwa pini?

MzeeWaBirika
Mimi nilishawahi. Kwa msumari.

MkeshaUsiku
Nimerudi. Nimeweka washa mbili, moja haikutosha. Kwa mpira inasoma 11. Springi nimeagiza pia, msiseme sisikii.

JichoKali
Picha.

MkeshaUsiku
Simu iko kwenye chaji.

BuniChungu
Chai yenye krema.