MREJESHO: Taa za umeme ukikatika
Wakuu habari, nimerudi na mrejesho. Niliuliza ninunue taa gani ya usiku umeme ukikatika, nyumbani kuna mtoto mchanga na mshumaa siutaki kabisa. Mliosema balbu za kuchaji, zile zinazofungwa kwenye holda ya kawaida, mbarikiwe sana, nimeweka sebuleni na chumbani, umeme ukikata zinawaka zenyewe na mama watoto amefurahi mno. Ila chooni imegoma, watu wakitoka wanazima swichi, na swichi ikiwa imezimwa umeme ukikata haiwaki, basi huko nimetundika taa ya sola, nayo siku za mvua chaji haijai. Ukikatika muda mrefu mwanga unafifia, kwa hiyo ya chumbani tunaizima mpaka mtoto aamke. Asanteni sana jamani.