Nimeletewa mkataba wa kukausha majaruba nilipwe hela ya kaboni. Naombeni ushauri

Jaruba la Mwisho:
Wakuu, habari za jioni. Nina ekari 6 za mpunga hapa Usangu, Mbeya, ndani ya skimu ya umwagiliaji, maji kwa zamu. Wamekuja watu wa mradi kijijini. Wanasema maji yakituama kwenye jaruba muda wote udongo unakosa hewa, vijidudu vinazalisha methani, na gesi hiyo inapanda ndani ya shina la mpunga hadi angani, inaongeza joto la dunia. Ukikausha na kurudisha maji kwa awamu, inapungua karibu nusu, na huo upungufu ndio wanaouuza kwa wanaochafua hewa; hiyo ndiyo hela ya kaboni. Wanaahidi 120,000 kwa ekari kila msimu, mkataba miaka 10. Marehemu baba alinilea akisema mpunga ni maji. Usingizi sina. Nikikausha nitavuna pumba? Nisaini au niache?

Msukuma wa Meatu:
Mpunga mnausingizia bure. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, kila mmoja anacheua methani usiku na mchana. Inatokea mdomoni, wakuu, siyo huko mnakofikiria. Mimi ninao 40 na hakuna mradi uliobisha hodi. Nikiwafunga midomo nalipwa shilingi ngapi?

Bint Rujewa:
Kaka, pumba hutavuna. Nimelima kilimo shadidi misimu minne: mche mmoja mmoja, bado mchanga, sentimita 25 kwa 25. Unachimbia bomba la plastiki lenye matundu, la kuonea kina cha maji. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, unarudisha. Mpunga ukianza kubeba mimba mpaka utoe maua, usithubutu kukausha. Kitakachokuumiza ni magugu, maana maji ndiyo yaliyokuwa yanayazuia. Msimu wa kwanza nililipa vibarua wa palizi mpaka nikalia. Swali langu: maji unayatoa mferejini moja kwa moja, au yanapita kwenye jaruba la mtu mwingine?

Jaruba la Mwisho:
Asante dada. Maji nayapata vizuri tu. Shida yangu ni huo mkataba.

Mama Biogesi Hai:
Mimi nilijenga mtambo wa biogesi, ng'ombe watatu wa maziwa, nikaacha kuni kabisa. Mwaka wa pili kuba likapata ufa. Fundi akaja, akala chai, akaondoka. Nikakaa miezi mitano gesi inavuja hewani, na methani ikivuja hivyo, kwa joto la dunia ni mbaya kuliko ule moshi wa kuni nilioukimbia. Ninachosema, wadogo zangu: kabla ya kupokea kitu cha mtu, muulize atakayerudi kukitengeneza ni nani.

Mzee Kitonga:
Ninyi mnahesabu hela. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu unakatika kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, na sisi huku juu tunalaza maji mashambani kama yetu peke yetu. Kijana, hata usipolipwa senti, kausha. Maji utakayoyaachia yana wenyewe huko chini.

Hesabu Kwanza:
Samahani, naona hii ni chai, stori ya kutunga. Mleta mada kajiunga mwezi huu, uzi wa kwanza, na maelezo yamenyooka kama kipeperushi. Tupige hesabu. Kipimo cha 2006 cha IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ni kilo 1.3 za methani kwa hekta kwa siku. Siku 120 ni kilo 156, yaani kama 63 kwa ekari. Ukiokoa karibu nusu ni kilo 30. Zidisha kwa 28 kuilinganisha na hewa ukaa: kilo 850 hivi. Kaboni inauzwa kwa tani, na hapo hata moja haijafika! Nani atalipa 120,000 hapo, na bado mpimaji na mkaguzi wanasubiri chao? Wewe ni dalali, unatafuta wa kuingiza.

Msukuma wa Meatu:
Chai, tena ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe wangu.

Jaruba la Mwisho:
Kaka Hesabu, dalali hajui haya. Asubuhi ukikanyaga jaruba lililolala maji wiki tatu, mapovu yanapanda kuzunguka mguu na tope linanuka kama yai viza. Nimeyakanyaga tangu nina miaka saba, sikujua yana jina.

Naomba niseme ukweli. Nimeshasaini, Ijumaa iliyopita. Nimepewa nusu, 360,000. Nimelipia trekta na ada ya mdogo wangu. Sioni kosa, hela ilihitajika siku hiyo hiyo, na Bint Rujewa mwenyewe kasema mpunga haufi.

Bint Rujewa:
Nilisema hivyo kwa mtu mwenye maji yake. Swali langu hujalijibu.

Jaruba la Mwisho:
Ekari 4 ndizo zangu. Mbili ni za mama, zipo chini, maji yanapita kwangu ndipo yafike kwake. Nimeziandika zote kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye ninayezilima. Mama ana miaka 67, sikutaka kumsumbua na mambo ya gesi.

Mama Biogesi Hai:
Mwanangu. Miaka 10 juu ya shamba la mama yako, na hajui?

Bint Rujewa:
Na siku yako ya kukausha ndiyo siku yake ya kukauka, hata kama mpunga wake umeshabeba mimba. Pandikizeni siku moja, au chimba kijifereji pembeni kimfikie bila kupita kwako. Hilo unaliweza kwa jembe, kabla ya msimu.

Hesabu Kwanza:
Neno chai nalifuta, niwie radhi. Sasa sikiliza. Biashara ya kaboni ina kanuni tangu 2022, na kipo kituo cha kitaifa cha kaboni pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Uliza kama mradi huo unafahamika huko. Soma kifungu cha kuvunja mkataba na kifungu cha nani anamiliki hiyo kaboni. Agosti 2024 Verra, wanaosajili miradi ya namna hii, waliikataa miradi 37 ya mpunga ya China. Mradi ukikataliwa, nusu uliyokula utaidaiwa? Na mbolea ya yurea usiimwage hovyo kipindi cha kukausha na kulowesha, inatoa naitrasi oksaidi, hiyo inapasha joto mara 265 ya hewa ukaa. Utapunguza huku unaongeza kule.

Mzee Kitonga:
Mpigie mama yako leo.

Jaruba la Mwisho:
Nimempigia. Nilianza kumsomea, akanikatiza. Kasema nisimsomee kwenye simu, niende na karatasi yenyewe na lile bomba lenye matundu, na nipite kwa mjomba nimchukue, kwa sababu mpaka wa zile ekari mbili anaujua yeye. Natoka alfajiri.