Inveta haibridi ya kW 5: jeli nne tena au lithiamu? Na lithiamu ipi?

MamaSeeta
Ndugu zangu, niko Seeta, Mukono. Nyumbani nina inveta haibridi ya kilowati 5, volti 48, paneli sita za wati 450 na betri nne za jeli (aina ya betri za risasi), kila moja volti 12, Ah 200. Betri zimechoka. Umeme ukikatika saa moja jioni, saa tatu inveta inaanza kulia. Usiku kuna friji, taa, televisheni na ruta. Asubuhi kabla watoto hawajaenda shule, pasi na birika la umeme huwaka pamoja.

Kampala nimeambiwa nichague: jeli nne mpya kama hizi, lithiamu moja ya volti 51.2, Ah 100. Mbili za aina hiyo hiyo. Au lithiamu nne za volti 12, Ah 100, ziungwe kwa mfululizo. Ipi itaelewana na inveta yangu?

Busia_Mpakani
Dada, jeli usizidharau. Nne za Ah 200 ni kWh 9.6, ukitumia nusu tu ili zidumu unapata 4.8. Lithiamu moja ya Ah 100 ni kWh 5.12, ukitumia asilimia 80 hadi 90 unapata 4.1 mpaka 4.6. Zinakaribiana kabisa. Tena jeli haina BMS, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya lithiamu, ya kukuzimia nyumba pampu ya maji ikiwaka.

FundiArua
Hesabu ya ndugu wa Busia ni sahihi kwa betri mpya. Shida inakuja na mvua. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, jua likiwa la kubahatisha, jeli inapata chaji nusunusu wiki nzima. Sehemu ya mwisho ya chaji yake huingia polepole, inataka saa nyingi za jua ambazo msimu huo hazipo. Ikikaa bila kujaa, salfeti inaganda kwenye sahani zake na ujazo unapungua moja kwa moja. Betri nyingi za risasi ninazoziona zimekufa, zimekufa hivyo. Lithiamu hata ukiiacha kwenye asilimia 50 haidhuriki.

Ila dada, usinunue bado. Nenda dukani usome kibandiko cha hiyo ya Ah 100: inaruhusiwa kutoa ampea ngapi bila kusita? Watu husoma Ah wakaishia hapo. Ah ni akiba iliyomo ndani. Ampea za BMS ndizo zinazosema mnaweza kuchota kiasi gani kwa mara moja. Inveta ya kilowati 5 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya ampea 100. BMS ya ampea 50 inakupa wati 2,560 tu. Pasi ya 1,200, birika la 2,000 na friji ni kama ampea 70. Itajizima, na nyumba yote giza wakati betri imejaa.

Mbarara_Juani
Hilo chaguo la nne achana nalo. Kila betri ya volti 12 ina BMS yake, na hazizungumzi. Moja ikijaa kabla ya wenzake inajifunga, mnyororo wote unakatika. Nyingine hata haziruhusiwi kuungwa mfululizo, imeandikwa kwenye kitabu chake. Na inveta haitajua asilimia halisi ya chaji, itakisia kwa volti.

MamaSeeta
Nimerudi dukani. Kibandiko kinasema ampea 100 ndiyo kikomo, lakini mstari wa chini, kwa maandishi madogo, kiwango kinachopendekezwa ni 50, kuchaji na kutoa. Inveta yangu ina tundu lililoandikwa BMS na kwenye menyu kuna chaguo la lithiamu.

FundiArua
Basi chukua mbili. Utakuwa na ampea 100 bila kuzikamua, na kWh 10.24. Tatu sikushauri: paneli zako ni wati 2,700, na kwa jua la saa tano hivi, ukitoa upotevu na matumizi ya mchana, mbili zitajaa siku nzuri, ya tatu itakuwa ya kutazama tu.

Uziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na waya za betri zote mbili ziwe na urefu sawa. Chanya ya kwenda kwenye inveta ichukuliwe kwenye betri ya kwanza, hasi kwenye ya pili, ili zigawane mzigo. Na breka, ile swichi ya usalama, iwe ya DC, yaani ya umeme wa betri. Ile ya AC, ya umeme wa nyumbani, haikati cheche ya DC inavyopaswa, ni hatari ya moto.

Gulu_Mwanga
Naongeza. Ulizia kama ina seli 15 au 16. Zote huuzwa kama "betri ya 48", ila ya seli 16 inachajiwa mpaka volti 56 hivi, ya 15 inaishia 52.5. Ukiiwekea ya seli 15 volti 56, kila seli inapata zaidi ya 3.7, BMS inakata. Ile mipangilio ya jeli pia ifutwe, hasa usawazishaji, maana huo hupandisha volti makusudi. Na kebo ya mawasiliano si kebo yoyote ya intaneti: kichwa ni kimoja, mpangilio wa nyaya ndani unatofautiana kwa kila inveta. Inveta isipoonyesha asilimia ya betri kwenye kioo, hazijaongea.

MamaSeeta
Asanteni sana. Naweza kununua moja sasa, nyingine baada ya Krismasi?

FundiArua
Inawezekana, mradi iwe modeli ileile. Kwa sasa weka kikomo cha kuchaji ampea 50, na pasi na birika visiwake pamoja. Ya pili ikifika, zijaze zote mbili kila moja peke yake, pima volti zikaribiane, ndipo uziunge, na kila moja upange anwani yake (namba ya kuitambulisha) kwa vile viswichi vidogo vya mbele. Jeli za zamani usiziunge sambamba na lithiamu hata kwa muda. Peleka kwa wanaonunua betri za risasi, zina thamani bado.