Breki za Subaru Forester turbo kwenye Subaru Impreza ya 1.5: zinaingia moja kwa moja?

Dereva_wa_Wanale (Mbale)

Habari zenu wakubwa.

Nina Impreza wagoni ya 1998, injini ya 1.5, gia za mkono. Iliingia Uganda kabla ya ile sheria ya 2018 iliyozuia magari yaliyozidi miaka 15, kwa hiyo nyingine ya namna hii siwezi kuiagiza. Hii niliyonayo ndiyo ya kutunza. Kazi yangu ni kubeba watu wa kukodi, Mbale kwenda Sipi na Kapchorwa, wengi wageni wanaokwenda kuangalia maporomoko. Watu wanne na mabegi yao, mara nyingine na gunia la kahawa la mwenyeji anayeomba lifti ya kushuka.

Kupanda hakuna neno. Shida ni kushuka kutoka Sipi hadi tambarare ya Muyembe. Nikifika kona za chini pedali inaanza kuzama, ule ugumu wake wa kawaida unapotea, na harufu ya pedi inaingia mpaka ndani ya gari. Abiria wa nyuma wanaanza kuulizana nini kinaungua. Nikiegesha pembeni zikapoa, breki zinarudi kama hakuna kilichotokea.

Sasa kuna muuza spea pale soko la Kisekka, Kampala, ana kalipa za mbele (vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski) zilizotoka kwenye Forester turbo, za pistoni mbili mbili, pamoja na diski zake za milimita 277. Anazo pia za WRX (Impreza ya turbo), pistoni nne, diski 294, ila hizo bei imeruka juu. Zangu ni za pistoni moja, na diski nimezipima kwa rula bila kuzifungua, zinakaribia 260. Nyuma nina dramu. Ringi ni inchi 14, za chuma.

Zinaingia bolti kwa bolti au kuna kuchomelea? Masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) niliyonayo itaziweza? Fundi wangu hapa Mbale anasema hata nikifunga breki za lori tatizo litabaki palepale, lakini ukimuuliza kwa nini, anacheka tu.

Boksa_Kla (Kampala)

Ssebo, achana na hizo 277. Ukishalipa nauli ya kuja Kisekka, chukua pistoni nne za WRX moja kwa moja. Zinaingia bila kuchomelea chochote, masikio ya nakali (chuma cha gurudumu kinachoshika kalipa) ni yaleyale. Ringi 16 hapa Ndeeba zimejaa. Halafu zile kalipa nyekundu zikionekana katikati ya ringi, hata trafiki anakuheshimu 😂

Sajenti_Mstaafu (Jinja)

Kijana wa Wanale, nakujibu wewe. Huyu wa Kampala anajibu habari ya ringi.

Fundi wako amesema kweli, tena angekuwa na subira angekueleza. Breki zikichoka kwa joto kuna hali mbili, na mguu wako ndio unaokuambia ni ipi. Pedali ikibaki ngumu lakini gari halisimami, pedi zimeungua. Pedali ikizama, ikawa laini kama unakanyaga sponji, mafuta ya breki yamechemka, na huko ndani sasa kuna mvuke badala ya mafuta. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Wewe umesema inazama. Harufu nayo inaonyesha pedi hazina raha, lakini kinachokutisha pale chini ni mafuta.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta hayo) inachemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinachokubalika ni 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imezeeka. Angalia tofauti hiyo: DOT 4 iliyozeeka ni mbaya kuliko DOT 3 uliyofungua leo dukani. Gari la 1998 ambalo kila mwenye nalo alikuwa anaongezea tu pale kwenye kikopo bila kumwaga ya zamani, humo ndani mna kitu cheusi kama chai ya mkandaa. Ukifunga kalipa mpya na kuzijaza uchafu huohuo, utarudi hapa kulalamika.

Tena tupige hesabu ili ujue unapambana na nini. Gari lako na watu na mizigo ni kama kilo 1,600. Kutoka Sipi hadi chini ni mita 600 na zaidi. Uzito huo ukishuka urefu huo unatoa nishati ya megajuli 9 na kitu. Ukiiweka yote kwenye maji, unachemsha jerikani ya lita 20 ikafurika kwa mvuke, na bado kuna lita kadhaa juu yake. Upepo na injini vinachukua sehemu, ukishuka na gia ya pili au ya tatu. Ukishuka na gia ya nne kwa sababu unaionea injini huruma, karibu yote inakwenda kwenye vile vipande viwili vya chuma vya mbele.

Hapo ndipo diski kubwa inaposaidia, na watu wengi hawaelewi hilo. Diski kubwa haifanyi gari lisimame kwa ghafla zaidi. Zako za 260 zinaweza kufunga matairi ya mbele kwenye lami kavu, sivyo? Basi nguvu unayo tayari, kinachobaki ni tairi na barabara. Faida ya 277 ni chuma kingi zaidi cha kubeba joto, na pedi pana zaidi, kwa hiyo joto linachelewa kufika kwenye mafuta. Kwa njia yako hiyo, ni faida ya kweli. Siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuanzia hapo.

Haya, kufunga kwenyewe. Ndiyo, zinaingia. Subaru wa miaka hiyo walitumia nakali za aina moja kwa mengi. Lakini nunua kalipa pamoja na braketi zake na diski zake kutoka gari moja, kulia na kushoto. Braketi ndiyo inayoamua kalipa ikae umbali gani kutoka katikati. Ukichanganya braketi ya diski ndogo na diski kubwa, havikutani. Ile ngao ya bati nyuma ya diski huenda ikagusa, ikunje au ikate ukingo. Hozi nunua mpya. Hozi ya zamani inavimba ukikanyaga, na huioni.

Diski za mtumba usizichukue kwa macho. Nenda na vania (kile kipimo cha unene). Pembeni ya diski au ndani ya kikombe chake pameandikwa unene wa mwisho. Zile za milimita 24 mwisho wake ni 22. Tena usipime ukingoni, kule kutu imejenga ukuta. Ingia ndani mahali pedi inapopita.

Masta silinda: pistoni za kalipa zikiwa na eneo kubwa kuliko za zamani, pedali itashuka zaidi kidogo kabla ya kushika. Kwa hizi pistoni mbili unaweza kuishi nayo, mradi dramu za nyuma zimerekebishwa vizuri. Ndugu wa Kampala, na wewe sikiliza: kalipa ya pistoni nne haitelezi, kwa hiyo eneo lake unahesabu upande mmoja tu. Nne za kalipa isiyoteleza si mara mbili ya mbili za kalipa inayoteleza. Na hizo 294 kwa kawaida zinataka ringi 16. Wale wa mbio za magari za Pearl of Africa Rally wanaoweka 15 juu ya breki kubwa wana ringi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, si zile zinazoning'inia Ndeeba. Dereva wa Mbale akinunua ringi 16, matairi ya 16, na kalipa za WRX, atakula nini?

Ringi zako 14 hata kwa 277 haziingii. 15 zinatosha.

Fanya hivi kwanza: mwaga mafuta yote, weka DOT 4 mpya ya kopo lililofungwa, toa upepo magurudumu yote manne, fungua dramu za nyuma uone kama kile kinyota cha kurekebishia kinazunguka. Halafu shuka Sipi na gia ndogo. Ukirudi tuambie.

MtuwaKisoro

Shikamoo mzee. Mimi nina gari kama la huyu ndugu, niko njia ya Kabale na Kisoro, nadhani unaijua ile miteremko ya Kanaba. Mimi 277 nimeshafungiwa, za Forester hizohizo. Pedali imekuwa ndefu mno, mpaka nipampu mara mbili ndipo ishike. Fundi ametoa upepo akachoka. Masta silinda nimebadilisha, hakuna kitu. Gari likipoa ni vilevile, kwa hiyo si kuchemka. Nakaribia kurudisha za zamani.

Sajenti_Mstaafu (Jinja)

Marahaba. Kabla hujarudisha chochote, inama uangalie nipo (kile kijibomba cha kutolea upepo) kwenye kila kalipa ya mbele. Iko juu au chini?

MtuwaKisoro

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Iko chini. Zote mbili.

Sajenti_Mstaafu (Jinja)

Basi fundi wako amefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia hivyo bila kulalamika, bolti hazijui upande. Lakini upepo unapanda juu na nipo iko chini, kwa hiyo hata akikaa hapo wiki nzima anatoa mafuta safi tu huku upepo umejikusanya juu ya pistoni unamtazama. Zibadilishane, nipo zikae juu, toa upepo upya. Na masta silinda yako ya zamani kama hujaitupa, iweke.

MtuwaKisoro

Banange. Na pesa ya masta silinda nimeshalipa. Kesho asubuhi niko gereji mlango haujafunguliwa. Asante mzee.

Boksa_Kla (Kampala)

Afande, nimekubali kwa 277. Lakini za WRX zinapendeza, hilo huwezi kunikatalia.

Sajenti_Mstaafu (Jinja)

Zinapendeza. Sijakataa.

Dereva_wa_Wanale (Mbale)

Mzee, nimerudi na majibu. Tulifungua Jumamosi pamoja na fundi wangu (amesoma maneno yako, amefurahi kupita kiasi, sasa anatembea kifua mbele gereji nzima). Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kweli, na kwenye kikopo kulikuwa na matope chini. Dramu ya nyuma kulia kile kinyota kilikuwa kimeganda kwa kutu, kwa hiyo upande ule shuu (pedi za dramu) zilikuwa mbali na dramu, hazifanyi kazi kabisa. Tumekisafisha kwa brashi ya waya, tukapaka grisi kidogo kwenye nyuzi, kinazunguka. Diski za mbele tulipima kwa vania kama ulivyosema: ukingoni zinasoma vizuri, ndani kwenye njia ya pedi ziko chini ya kiwango kilichoandikwa. Rula yangu isingeona hilo milele.

Nimeshuka Sipi gari limejaa, gia ya pili kwenye zile kona kali. Pedali haikuzama. Harufu bado ipo kidogo, hasa nikifuata lori linalotambaa na kunilazimisha kukanyaga muda wote.

Kwa kuwa diski zangu lazima zibadilishwe, na mpya za 260 zenye ubora hapa Mbale bei yake haiko mbali na seti nzima ya mtumba ya 277, nimeamua kuchukua za Forester. Muuzaji amekubali niende na vania. Limebaki moja: kuna jirani ana ringi 15 za Toyota Caldina, matundu matano, nimeweka kadibodi nikalinganisha na zangu, matundu yanalingana. Ananipa kwa bei ya urafiki. Nichukue?

Sajenti_Mstaafu (Jinja)

Usichukue. Matundu ya nati yanalingana kweli, zote ni matundu matano kwenye duara la milimita 100. Angalia tundu la katikati. La Toyota ni milimita 54.1, hab (kitovu cha gurudumu) ya Subaru ni 56.1. Ringi haitakaa mpaka mwisho, itabaki imening'inia kwenye ukingo wa hab, na fundi mwenye haraka atakaza nati mpaka ionekane imekaa. Kuna watakaokuambia upeleke kwa mtu wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) atanue. Kwa gari linalobeba watu mlimani, tafuta ringi 15 za Subaru, za Legacy au Impreza nyingine, ofseti (kiasi ringi inavyoingia ndani) 48 au 55. Nati pia usikubali za Toyota. Kipenyo kinalingana, milimita 12, lakini nafasi kati ya nyuzi za Subaru ni 1.25 na za Toyota ni 1.5, zinaingia nyuzi chache halafu zinakula bolti.

Na huyo fundi wako mpe soda kwa niaba yangu.