MREJESHO: Menejimenti ya chuo iliyokuwa haitaki kukaa mezani na tawi letu la chama cha wafanyakazi

Wakuu, nimerudi. Miezi mitano iliyopita niliuliza tufanye nini, maana menejimenti ya chuo chetu (binafsi, hapa Tanzania) ilikuwa inatupiga kalenda kila tukiomba kujadili mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu malipo na mazingira ya kazi).

Ushauri wa kuhesabu wanachama kwanza ndio uliotuokoa. Tulipitia fomu za makato ya ada ya chama moja moja, tukakuta 11 walishahama na bado tunawahesabu! Tukaandikisha madereva na watu wa maktaba hadi tukavuka nusu ya wafanyakazi, ndipo tukapeleka notisi ya kuomba kutambuliwa rasmi kwa kifungu cha 67 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Siku 30 zikapita kimya. Tukaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), na mbele ya msuluhishi menejimenti wakakubali kututambua.

Aliyesema tudai taarifa za fedha kwa kifungu cha 70, asante sana. Mwanzoni walileta kurasa mbili za fotokopi, tarakimu hazisomeki. Tukazirudisha, zikaja hesabu zilizokaguliwa.

Malipo ya vipindi vya jioni yameingia kwenye mkataba, na tarehe ya kulipwa imeandikwa. Posho ya nyumba tumekosa. Eti bajeti ijayo. Kosa ni letu pia: tulipeleka madai tisa kwa mpigo, vikao viwili vikaishia kwenye sare za walinzi.

Nakala ya mkataba imeshapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Mkuu uliyesema tuanze na mgomo, samahani, hiyo sikuifuata.